Miembe miwili ya babu: mmoja umekauka nusu, mwingine umetoa uyoga shinani. Nikate upi?

#1 KivuliChaMwembe

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri wenu, maana nyumbani tumegawanyika na mimi ndiye nitakayemlipa fundi.

Tuna miembe miwili uani, aliipanda babu, yote imenizidi umri kwa mbali. Mmoja uko nyuma karibu na uzio, mita 20 hivi kutoka nyumbani. Huo umechakaa. Nusu nzima ya juu imekauka, gome linabanduka vipande vipande, na shinani kuna pango ambalo mtoto wa miaka sita anaingia akakaa. Wa pili uko mbele, mita 6 tu kutoka ukuta wa chumba anacholala mama. Umeinamia nyumba kidogo, lakini umeshiba majani mpaka jua halipenyi. Mama hukaa chini yake kila alasiri.

Fundi aliyekuja aliangalia dakika tano, akasema wa nyuma ukatwe wiki hii, wa mbele hauna neno. Nilikuwa nishakubali. Jana nikifagia nyuma ya vyungu vya maua, upande wa mti huu wa mbele usiotazama nyumba, nikaona kitu kimeota pale shina linapoingia ardhini. Ni kama kisahani kigumu kilichochomekwa kwenye mti, juu rangi ya kahawia, ukingo na chini vyeupe. Viko viwili, nimevuta havitoki. Juu yake na kwenye majani makavu ya karibu pana vumbi la kahawia, laini kama unga wa kakao. Nililifuta, asubuhi likawa limerudi.

Je, wa nyuma niukate kweli? Na huu wa mbele niupulizie dawa gani?

#2 JiraniMwema

Kata yote miwili mkuu, usicheze na roho za watu. Dada yangu aliangukiwa na tawi akiwa anaanua nguo. Tawi bichi, lina majani, siku haina hata upepo. Bega halijarudi kama lilivyokuwa mpaka leo. Mti unapandwa mwingine. Mama hapandwi mwingine.

#3 MsumenoMkali

Mkuu, usivunje hivyo visahani na usivipake kitu. Vipige picha, pima upana wake, viache mahali pake. Hivyo ndivyo vitakavyomwonyesha mtu anayejua uozo umeanzia wapi.

Nimekata miti zaidi ya miaka ishirini na nakuambia hivi: huo wa nyuma unaowatisha wote haunitishi. Wa mbele ndio umenikaza roho niliposoma. Hamisha kiti cha mama leo. Usisubiri uzi huu ufike mwisho.

#4 ToneLaUmande

Lile pango la nyuma si unajaza zege tu? Kwetu kuna mti ulijazwa zege zamani na bado umesimama. Halafu majeraha unapaka lami maji yasiingie.

#5 BiMisitu

Wanangu, nimestaafu kazi ya misitu lakini miti haijanistaafu. Naomba nieleze polepole, maana hapa kuna mambo matatu yamechanganywa.

La kwanza ni majani. Watu hutazama juu, wakiona kijani wanasema mti mzima. Majani yanakupa habari za maji, basi. Maji hupanda kwenye mbao changa za nje, chini tu ya gome, na hunyweshwa na mizizi myembamba iliyotawanyika mbali. Kinachousimamisha mti ni kitu kingine: shina lenyewe na ile mizizi minene inayotoka shinani kama vidole vya miguu. Hiyo inaweza kuoza kwa chini miaka na miaka huku majani yakimeta, kwa sababu majani hayana habari nayo. Ndiyo maana baada ya dhoruba unakuta mti umelala chini una majani mabichi, na ukitazama kitako chake mizizi imekatika mifupi kama iliyotafunwa.

La pili ni hicho kisahani. Kwa maelezo yako, hasa hilo vumbi la kahawia linalorudi kila usiku, kinafanana sana na kuvu wa kundi la Ganoderma. Vumbi hilo ni mbegu zake. Kuvu huyu hula mbao za kitako na za mizizi, na anapotoa kisahani nje ujue ndani ameshakaa miaka. Kisahani ni tunda tu, mwili wake uko ndani ya mbao. Kwa hiyo hakuna dawa ya kupulizia itakayomfikia. Atakayekuuzia dawa hiyo amekuuzia maji.

La tatu ni zege na lami. Tone, hukukosea peke yako, hata sisi tulifundishwa hivyo. Alikuwepo mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kwa urefu ili aone jeraha linaishia wapi. Miaka ya 1970 alieleza jambo lililobadilisha kazi yetu: mti hauponi kama mtu anavyopona. Nyama yetu iliyokufa hubadilishwa kwa nyama mpya, lakini mbao zilizooza hazirudi. Mti huzizungushia kuta, ukaufungia uozo mahali ulipo, kisha ukajenga mbao mpya kwa nje. Ukuta ulio imara kuliko zote ni ule unaojengwa baada ya jeraha, kati ya mbao za zamani na zitakazofuata. Sasa wewe ukikwangua pango mpaka ufike kwenye mbao nzuri ili zege ishike, umeubomoa ukuta huo kwa mkono wako. Zege yenyewe haipindi mti unapoyumba, inasugua na kushika unyevu. Kutoboa tundu ili maji ya pango yatoke ni kosa lile lile. Lami nayo haijazuia uozo popote ilipopimwa vizuri, na unyevu unabaki chini yake.

Kwa hiyo pango la nyuma liache lilivyo. Watoto tu wasiingie tena.

#6 InjiniaWaDaraja

Shikamoo Bi Misitu. Naomba niongezee hesabu kwa hilo pango, kwa sababu watu wengi wakiona uwazi wanadhani nguvu yote imekwenda.

Shina linapopindwa na upepo, kazi kubwa inafanywa na mbao za nje. Za katikati hazifanyi kazi sana. Bomba la chuma ni tupu na linabeba ghorofa. Chukua kipenyo cha pango, gawanya kwa kipenyo cha shina, jibu lizidishe kwa lenyewe mpaka liwe kipeo cha 4. Hicho ndicho kiasi cha nguvu ya kupinda kilichopotea. Pango likiwa nusu ya kipenyo, umepoteza kama asilimia 6 tu. Likiwa sehemu 7 kati ya 10, asilimia 24. Likifika 8 kati ya 10, asilimia 41. Likifika 9, asilimia 66. Mwanzo inashuka taratibu, mwisho inaporomoka.

Mtafiti Mjerumani Claus Mattheck wa mji wa Karlsruhe alichunguza miti mingi, iliyovunjika na iliyosimama, akaja na kipimo kinachotumika sana: ukuta wa mbao nzima uliobaki usipungue kama theluthi ya nusu kipenyo, yaani 0.3. Wataalamu wanabishana juu yake mpaka leo, kwa kuwa miti minene iliyopungua urefu husimama na ukuta mwembamba kuliko huo, na mti mrefu wenye ufa unaweza kuvunjika kabla ya kufika hapo. Mimi nakichukua kama taa ya njano.

Zingatia pia kwamba hesabu hii ni ya bomba lililofungwa. Pango lenye mdomo wazi limepoteza zaidi, na ukiona ufa unaokwenda juu kutoka kwenye mdomo huo, weka hesabu pembeni.

Pima mzingo wa shina kwa kamba, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, kisha tuletee na upana wa pango.

#7 MkulimaWaKudumu

Naona mnazungumzia kuanguka tu. Je, kuambukiza? Mimi nina shamba la miti ya matunda, na kwangu swali la kwanza ni hilo. Mti mgonjwa ukiachwa unaweza kuumaliza ukoo mzima.

#8 BiMisitu

Mkulima, umeuliza swali zito. Jibu linategemea ugonjwa unasafiri kwa njia gani. Kuna magonjwa ambayo kukata upesi ndiyo dawa, na mengine ambayo kukata kumeleta hasara kubwa kuliko ugonjwa.

Chukua ugonjwa wa miti ya elmu (elm), miti mikubwa ya nchi za baridi. Kuvu wake hubebwa na mende wadogo wanaozaliana chini ya gome la elmu inayokufa. Ukiiacha imesimama na gome lake umefuga mende, na wakiruka wanapeleka kuvu kwenye elmu nzima. Uingereza ilipoteza elmu zaidi ya milioni 25. Mji wa Brighton ulibaki na zake nyingi kwa sababu ulikuwa unakagua, unakata mgonjwa mara moja na kuondoa magogo. Mwaka 2019 walikata hata mmoja wa elmu mbili pacha za bustani ya Preston Park, zilizokuwa na miaka kama 400. Hebu fikiria kuutia msumeno mti wa umri huo. Lakini ugonjwa ule hausubiri, na tena mizizi ya miti ya aina moja iliyo jirani huungana chini, kuvu akapita kama maji kwenye bomba.

Sasa tazama upande wa pili. Marekani, mwaka 1904, uligunduliwa ugonjwa wa gome kwenye miti ya chesnati (chestnut) huko New York. Kuvu yule husambaa kwa upepo, mvua na ndege. Pennsylvania iliunda tume mwaka 1911 ya kukata miti ili kuuzuia usipite. Ulipita. Mabilioni ya miti yakafa, na katika pilikapilika ile wenye misitu walikata hata mizima wauze mbao kabla haijaugua. Ikiwa palikuwa na michache yenye kinga ya asili, nani angeijua, nayo ilishakuwa mbao?

Somo hilo limekumbukwa kwenye miti ya eshi (ash) ya Ulaya. Ugonjwa wake ulionekana Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukathibitishwa Uingereza mwaka 2012. Ushauri uliotolewa huko ni kwamba eshi isiyotishia mtu iachwe isimame hata kama inaumwa, kwa sababu chache zinastahimili na hizo ndizo zitakazotoa mbegu za kesho. Zinazokatwa ni za kandokando ya barabara, nyumba na shule.

Ganoderma wa mwembe wa mbele je? Mbegu zake ziko hewani kila mahali, zinasubiri mti wenye jeraha. Kuukata mti mmoja hakuikingi mingine kwa njia ya hewa. Kwa hiyo mti huu usikatwe kwa hofu ya kuambukiza. Ukikatwa, ukatwe kwa sababu ya kilichoko chini yake.

#9 MkulimaWaKudumu

Nimekuelewa mama. Naongeza mfano wa kwetu wakulima. Gold Coast, Ghana ya leo, wakoloni waliamuru mikakao yenye ugonjwa wa kuvimba chipukizi ikatwe. Ugonjwa ule ni wa virusi, unabebwa na wadudu wadogo waitwao vidung'ata, na kitaalamu kukata kulikuwa na hoja. Lakini mkulima aliuona mti wake bado unazaa, wanakuja watu wanaukata kwa nguvu. Hasira ile ikawa miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa na Tume ya Watson, iliyoundwa na Waingereza kuchunguza ghasia za 1948. Hoja ilikuwa ya kweli, ila mwenye mti hakushirikishwa. Ndugu mwenye uzi, chochote utakachoamua, mama yako akione kwa macho yake kwanza.

#10 JiraniMwema

Bi Misitu, naheshimu elimu yako. Lakini yote haya ni maneno mpaka tawi likuangukie.

#11 BiMisitu

Mwanangu, pole sana kwa dada yako, na sitakupa takwimu kana kwamba zinaponya bega. Nitakuambia tu kwa nini nazijua. Uingereza, ambako wamehesabu kwa muda mrefu, watu 5 au 6 hivi hufa kwa mwaka kwa kuangukiwa na miti au matawi, chini ya mtu mmoja kati ya milioni 10. Ndiyo maana siwezi kumwambia kila mwenye mti mzee aukate. Lakini tulizo hilo ni la nchi nzima, si la mtu mmoja anayekaa saa tatu kila siku mahali pamoja chini ya mti wenye kitako kilichooza. Yule kwake hesabu ni nyingine kabisa. Hapo mimi na wewe tunakubaliana, na ndiyo sababu tunamwambia ahamishe kiti.

#12 MsumenoMkali

Tumsaidie aangalie mwenyewe. Mkuu, fanya hivi, taratibu, siku isiyo na upepo:

Tafuta nyundo ya mbao au ya mpira. Zunguka shina ukigonga kila baada ya shubiri moja, kwanza chini kabisa, kisha usawa wa goti, kisha wa kifua. Weka sikio karibu. Mbao nzima zinajibu kwa sauti fupi, kali. Palipooza panajibu kama ngoma, au panapiga sauti nzito iliyokufa kama unagonga gunia. Weka alama ya chaki kila sauti inapobadilika.

Kisha fukua udongo kwa mikono kuzunguka kitako mpaka uone migongo ya mizizi mikubwa. Usitumie jembe. Chukua nondo nyembamba, isukume kwa mkono kwenye kila mzizi, juu na hasa chini yake, maana uozo wa mizizi huanzia chini. Kwenye mbao nzima haiingii.

Mwisho angalia ardhi upande ambao mti haujainamia. Ukikuta ufa wa mviringo au udongo ulioinuka, acha kila kitu, toka hapo.

#13 KivuliChaMwembe

Wakuu nimerudi. Nimetumia asubuhi nzima, na mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

Wa nyuma: mzingo sm 408, kwa hiyo kipenyo kama sm 130. Pango kwa ndani lina upana wa sm 80 hivi. Nimegonga pande zote, mbao zinajibu kali isipokuwa kwenye mdomo wa pango, na hata kingo za mdomo zimevimba, ngumu, mviringo kama mdomo wa chungu. Mizizi sita mikubwa nimeichoma na nondo, haikuingia hata mmoja. Hakuna ufa.

Wa mbele: upande wa nyumba unajibu vizuri mpaka kwenye kona. Nikavuka kwenda upande wa vile visahani, sauti ikafa. Haikuwa hata ngoma, ilikuwa kimya tu. Nimefukua mizizi mitano. Miwili ya upande wa nyumba ni mizima. Mitatu ya upande wa pili, nondo imeingia kwa mkono mmoja. Kwenye ule wa katikati ilizama karibu sm 40, na nilipoitoa ilikuwa na vitu vyeupe, vyenye nyuzinyuzi, vimelowa kama mkate ulioachwa kwenye maji. Harufu ya uyoga. Na ardhi, mita moja na nusu kutoka shinani upande huo huo, ina ufa mwembamba kama upinde. Nilikuwa naupita kila siku nikidhani ni ukavu wa udongo.

Mama kahamia chumba cha nyuma tangu jana.

#14 InjiniaWaDaraja

Wa nyuma: 80 kwa 130 ni 0.62, umepoteza kama asilimia 14. Ukuta uliobaki ni sm 25 kwa nusu kipenyo cha sm 65, yaani 0.38. Hata ukiongeza kidogo kwa ajili ya mdomo ulio wazi, na ukikumbuka kwamba nusu ya juu imekauka kwa hiyo upepo hauna majani mengi ya kushika, mti huo uko salama kuliko unavyoonekana. Na ukianguka utaangukia uzio.

Wa mbele ni jambo jingine. Mti ulioinamia nyumba unashikiliwa na mizizi ya upande wa pili, kama hema linavyoshikiliwa na kamba ya upande wa pili wa upepo. Kamba zako tatu ndizo zilizooza. Huo ufa ni mti unaanza kung'oka.

#15 ToneLaUmande

Haiwezekani kupunguza urefu tu? Nimesikia ukishusha kilele upepo unapungua sana. Inauma kuukata wote una majani vile.

#16 BiMisitu

Inawezekana kwa miti mingi, na ni jambo la kwanza ninalolifikiria kabla ya kukata. Mti ni kama mpini mrefu: upepo ukisukuma juu, kitako ndicho kinacholipa. Ukishusha juu kidogo tu, kitako kinapumua sana. Ila unapunguza ncha kwa kufuata matawi madogo, hukati vichwa vikabaki visiki. Na hutoi majani mengi kwa mpigo mmoja, robo ni nyingi tayari kwa mti mzee, kwa sababu majani ndiyo jiko lake, na mti wenye njaa hauwezi kujenga kuta.

Mti huu ungekuwa umeoza shina peke yake, ningesema punguza. Ungekuwa nyuma kwenye uzio, ningesema punguza, uone. Lakini mizizi mitatu kati ya mitano, mita 6 kutoka ukutani, na ardhi imeshaanza kupasuka? Hapana, mwanangu. Mimi ambaye nimegombana na watu maisha yangu yote wasikate miti, huu nakuambia kata. Kabla hujakata, pata ruhusa ya mamlaka yako kama inahitajika, na picha za ufa zitakusaidia.

#17 MsumenoMkali

Na usimpe yeyote aliyekuja na panga na kamba. Mti wa kawaida tunauangusha kwa bawaba: unakata kinywa upande unakotaka uanguke, unakata nyuma, katikati unaacha kipande cha mbao kama sehemu moja ya kumi ya unene wa shina. Hicho ndicho kinachouongoza mti mpaka chini. Penye mbao zilizooza hakuna bawaba. Inakatika ghafla na mti unakwenda unakotaka wenyewe. Na kumpandisha mtu kwenye mti ambao mizizi imeachia ni kumfunga kwenye kitu kinachoanguka. Tafuta kreni yenye kikapu, matawi yatolewe moja moja kutoka juu, yashushwe kwa kamba. Gharama itakuwa kubwa zaidi, lipa.

Kwa wa nyuma: toa matawi makavu yaliyo juu ya uzio na njia. Mengine yaache. Kata nje kidogo tu ya ile shingo iliyovimba tawi linapoota, usiikate shingo yenyewe, ndiyo inayofunga jeraha.

#18 KivuliChaMwembe

Nilikaa na mama jioni. Nilidhani atalia au atakataa. Nikamwonyesha nondo na ule ufa. Akainama akaingiza vidole vyake mwenyewe kwenye ufa, akakaa kimya, kisha akasema: "Baba yako alizaliwa huu mti ukiwa usawa wa magoti. Kata kabla haujaniaibisha mbele ya wajukuu." Sijui kama alikuwa anazungumza na mimi au na mti.

#19 MkulimaWaKudumu

Pole sana mkuu. Kwenye kisiki usipande mwembe tena shimo lile lile, kuvu anabaki kwenye mizizi. Nina jambo moja la wenzetu wa mashamba ya chai ya Afrika Mashariki na Malawi, ambao adui yao ni kuvu mwingine, Armillaria, anayepita chini ya ardhi kutoka mzizi hadi mzizi inapogusana. Walipokuwa wanafyeka msitu wapande chai, walichuna gome la miti kwa kuzunguka shina mwaka mmoja au miwili kabla ya kuikata, ili akiba ya wanga kwenye mizizi iishe na kuvu akose chakula. Wewe huna muda huo, lakini ukiweza kung'oa kisiki na mizizi mikubwa, ng'oa.

#20 KivuliChaMwembe

Leo wamemaliza. Ilichukua siku mbili na kreni.

Naweka nilichokiona maana huenda kikamsaidia mwingine. Tulipofika kwenye kipande cha mwisho, uso wa kisiki ulikuwa umegawanyika. Upande wa nyumba mbao ngumu, rangi ya asali, zinatoa utomvu, unene wa viganja viwili. Upande wa pili mbao nzima ilikuwa ukanda wa vidole vitatu chini ya gome, na ndani yake majimaji meupe ambayo mmoja wa vijana aliyachota kwa mkono. Ukanda ule wa vidole vitatu ndio uliokuwa unapeleka maji kwenye majani yote yale ya upande ule. Kijana wa kreni alipoegemeza ndoo kwenye kisiki, upande ule ukaondoka na mizizi yake mitatu, laini, bila kelele.

Yule fundi wa kwanza nilimpigia nikamweleza. Akaomba aje aone, na alikuja. Alikaa muda mrefu akikigonga kisiki.

Wa nyuma umebaki. Tumetoa matawi makavu manne ya upande wa njia. Fundi alipopanda na ngazi alisimama ghafla akatuita: kwenye shimo la tawi la zamani kuna mzinga wa nyuki wasiosumbua mtu, wameingia na kutoka wakati wote tunafanya kazi. Tukaacha tawi lile lilivyo. Mdomo wa pango nimeuzibia kwa wavu ili watoto wasiingie.

#21 JiraniMwema

Nimefurahi mama yuko salama. Na huo wa nyuma, kusema kweli, ningekuwa mimi ningeukata. Lakini nimeona ulivyoukagua, sibishi. Uukague tena kila mwaka, na kila baada ya dhoruba.

#22 KivuliChaMwembe

Nitafanya hivyo dada. Nimepiga vigingi viwili ardhini karibu na mwembe wa nyuma, nikapima umbali kutoka kila kigingi mpaka shinani: sm 212 na sm 198. Namba nimeziandika kwa rangi kwenye nguzo ya uzio. Mvua zikikatika nitapima tena, na kama imebadilika hata sentimita moja nitaandika hapa hapa kabla sijamwita mtu.

Mama ameanza kuhamishia kiti chake kule nyuma, mita tano nje ya kivuli. Anasema anasubiri namba za kwanza.